Vitanga Vitatu

Mizani ya soko ina vitanga viwili. Kimoja hubeba jiwe na cha pili hubeba bidhaa, na ulimi wake ukisimama katikati muuzaji na mnunuzi huagana kwa amani. Lakini watu wanenapo juu ya kusawazisha kazi, nyumba na dini husahau kuwa wametaja vitu vitatu, na mizani ya vitanga vitatu haijapata kuonekana sokoni. Kosa hili si dogo. Adhaniye kuwa maisha yake ni bidhaa ya kupimwa hujiona mkosaji kila jioni kwa sababu upande mmoja umeshuka, wala haulizi swali lililo kubwa zaidi: saa anazokipa kitu kimoja zimetoka mkononi mwa nani?

Swali hili lina makali ya pekee kwa mwalimu wa chuo kikuu aliye Mmormoni. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa mwaka 1830 katika jimbo la New York, na ambalo makao yake makuu yako Salt Lake City katika Utah, halina wachungaji wa mshahara katika kata zake. Askofu wa kata ni seremala, mwanasheria au mwalimu, aliyeitwa kuwatumikia jirani zake kwa miaka kama mitano bila ya malipo, huku akiendelea na kazi impayo chakula. Asiyekuwa askofu hufundisha watoto siku ya Jumapili, au huhesabu zaka, au huwatazama wagonjwa. Mikutano ya Jumapili ilichukua saa tatu mpaka mwisho wa mwaka 2018. Tangu 2019 huchukua saa mbili. Jioni ya Jumatatu imewekwa kuwa ya wazazi na watoto. Zaidi ya hayo, imani hii hufundisha kwamba ndoa iliyofungwa hekaluni haivunjwi na mauti. Mke na watoto, basi, si wenzi wa safari ya miaka sitini. Ni wenzi wa milele. Na juu ya meza ya mtu huyo huyo liko lundo la karatasi za mtihani, na kitabu alichoahidi kukimaliza mwaka juzi.

Henry Eyring, aliyezaliwa mwaka 1901 Colonia Juárez, Mexico, hutajwa sana kuwa mfano wa mtu aliyeyatimiza yote. Alifundisha kemia Princeton tangu 1931 hata 1946, na nadharia aliyoitoa mwaka 1935 juu ya mwendo wa mabadiliko ya kikemia husomwa na wanafunzi mpaka leo. Alikuwa baba wa watoto watatu wa kiume, na mtumishi asiyechoka wa Shule ya Jumapili. Mwanawe mmoja amesimulia kwamba katika uzee, saratani ikiwa imekwisha kuingia mifupani, alikwenda kupalilia vitunguu katika shamba la kanisa la kuwasaidia wahitaji, akajikokota kwa tumbo kwa ukali wa maumivu. Alipoambiwa kuwa palilizi ile haikuwa na haja, maana magugu yalikuwa yamekwisha kunyunyiziwa dawa, alicheka, akasema kuwa hakuja kwa ajili ya magugu.

Ni hadithi nzuri, na yafaa isimuliwe. Lakini iko nyingine isiyosimuliwa kwa sauti kubwa kama hiyo. Mkewe, Mildred Bennion, alikuwa mkuu wa elimu ya viungo kwa wanawake katika Chuo Kikuu cha Utah, naye alikuwa amekwenda Wisconsin kujiongezea elimu alipokutana na Eyring. Wakaoana mwaka 1928. Tangu hapo vitabu vya elimu humtaja mume. Mke hutajwa katika kumbukumbu za nyumbani. Mwaka 1946 Eyring aliacha cheo katika chuo chenye sifa kubwa zaidi, wakahamia Utah, nchi ya mkewe. Mtu aweza kuyaita hayo malipo, ila yalikuja baada ya miaka kumi na minane.

Haisemwi hapa kwamba bibi huyo alidhulumiwa. Mtu mzima ana haki ya kutoa alicho nacho, na kilichotolewa kwa hiari hakikuibwa. Linalosemwa ni kwamba aghalabu mtu asifiwaye kwa kusawazisha mambo matatu hakuyasawazisha peke yake: yupo aliyeshikilia kitanga kimoja kwa mkono, na mkono haukuandikwa katika hesabu. Kisha iko shida ya hiari yenyewe. Mwaka 1987 rais wa kanisa, Ezra Taft Benson, aliwahimiza akina mama wabaki nyumbani na wasitafute kazi nje. Mwaka ule ule aliwahutubia akina baba, akawakumbusha wajibu wa kuwapatia jamaa zao riziki. Kwa mwalimu mwanamume maneno hayo mawili yalikuwa ruhusa. Kwa mwalimu mwanamke yalikuwa hukumu. Hiari itolewayo chini ya mimbari si hiari tupu.

Mjini Provo, kilipo Chuo Kikuu cha Brigham Young, kilichoanzishwa mwaka 1875 na kumilikiwa na kanisa, fundo ni gumu zaidi. Huko mwalimu wa imani hii hana budi kuthibitishwa na viongozi wake wa dini kuwa mwaminifu, ndipo adumu katika kazi. Basi dini yake ndiyo mshahara wake, na mshahara wake ndio mkate wa watoto. Shaka iliyo halali darasani yaweza kufika jikoni. Mwaka 1911 waalimu watatu walipoteza nafasi zao kwa ajili ya mafundisho juu ya maumbile ya viumbe kubadilika na juu ya uhakiki wa Biblia; mwaka 1998 chama cha maprofesa wa Marekani kilikikaripia chuo hicho kwa kubana uhuru wa elimu. Ni kweli kwamba chuo cha dini kina haki ya kuwa cha dini, na anayeingia huijua sharti lake mlangoni. Lakini mtu huingia akiwa na miaka thelathini, na fikira zake haziahidi kubaki na miaka thelathini.

Laurel Thatcher Ulrich alikwenda kwa njia nyingine, nayo ni njia ya polepole. Alizaliwa Idaho mwaka 1938, akapata shahada ya kwanza mwaka 1960 na ya udaktari mwaka 1980, katika chuo cha New Hampshire ambako mumewe alifundisha uhandisi. Kati ya shahada hizo ipo miaka ishirini, na watoto watano. Kitabu chake cha mwaka 1990 chahusu Martha Ballard, mkunga wa Maine aliyeandika shajara tangu 1785 hata 1812. Wataalamu waliotangulia waliona humo mambo madogo madogo ya nyumbani tu. Ulrich aliona uchumi mzima wa wanawake. Mwaka uliofuata alipewa tuzo ya Pulitzer. Ni vigumu kuamini kuwa jicho lile lilifunzwa maktabani peke yake.

Walakini heshima hiyo haikumlinda. Mwaka 1993 ilijulikana kwamba wadhamini wa chuo cha Provo walikuwa wamekataa asiwe msemaji katika mkutano wa wanawake. Hakuliacha kanisa. Mwaka 1995 alianza kufundisha Harvard, na mwaka 2017 alitoa kitabu juu ya wanawake Wamormoni wa kwanza na ndoa za mitala. Alikitunga kwa kusoma shajara na barua za watu ambao, kama Martha Ballard, waliandika baada ya vyombo kuoshwa na watoto kulala.