Mita Thelathini

Ukiwaambia watu kwamba unasomea jiografia na sayansi ya mazingira chuo kikuu, swali la kwanza huwa ni lile lile: "Sasa utakuwa mwalimu?" Mjomba wangu huongeza la pili: "Ama ni mambo ya kupanda miti?" Nimezoea. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali ambalo limeninyima usingizi tangu mwaka wa tatu. Mtu akishajua maji yatafika wapi, ana deni gani kwa yule anayelala pale?

Wacha nieleze lilikotoka.

Januari 2024 nilikuwa natafuta mada ya mradi wangu. Nikachagua hatari ya mafuriko kando ya mto Mathare. Kusema ukweli, si huruma iliyonisukuma. Ni matatu moja tu kutoka hosteli, na data yenyewe ni ya bure. Vipimo vya urefu wa ardhi vilichukuliwa na chombo cha anga cha Marekani kilichozunguka dunia kwa siku 11 mwezi Februari 2000, kikipima milima na mabonde kwa rada. Unavipakua, unavifungua kwenye kompyuta, na bonde zima linajitokeza mbele yako kwa miraba midogo ya rangi. Kila mraba ni kama mita 30 kwa mita 30.

Mita 30 si kitu ukiwa unatazama mlima Kenya. Ukiwa Mathare, hiyo ni ploti ya nyumba kadhaa za mabati, kibanda cha mboga, kanisa na choo, vyote vimepewa rangi moja na kimo kimoja. Tena kimo chenyewe kinaweza kupotoka kwa mita kadhaa. Nililijua hilo. Nililiandika kwenye sura ya tatu, chini ya kichwa cha "mapungufu ya utafiti", kisha nikaendelea na kazi.

Mhadhiri alisisitiza twende nyanjani, kwa hivyo nikaenda mara tatu, na simu yenye GPS na daftari. Mara ya pili nilikutana na shosho mmoja anayeuza chai na mandazi hatua chache kutoka mtoni.

"Kijana wangu, unapima nini?"

"Napima mafuriko, shosho."

"Mafuriko gani? Mimi leo naona jua tu."

Akacheka, kisha akanionyesha mstari wa tope uliokauka kwenye ukuta wa mabati, karibu na kiuno changu. Maji ya Novemba yalifika hapo. Akanipa kikombe cha chai, akakataa pesa, halafu akauliza: "Ukimaliza kupima, hiyo karatasi inaenda wapi?"

"Kwa mhadhiri."

"Halafu?"

Sikuwa na jibu. Nikanywa chai.

Kozi yangu ilikuwa imenifundisha kwa nini shosho yuko pale, ijapokuwa hakuna mtihani uliowahi kuuliza hivyo. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli, mahali Wamaasai walipopaita kwa jina la maji baridi. Mito yake hutoka nyanda za juu za magharibi. Mto Nairobi wenyewe unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu. Huteremka kuelekea mashariki, huingia Athi, na maji yake huishia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Wakoloni walijitwalia upande wa magharibi, wenye miinuko na udongo mwekundu unaonyonya mvua vizuri. Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye tambarare za udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Leo huko juu kumejaa lami, paa na maegesho. Mvua ambayo zamani ingenyonywa na ardhi sasa inashuka mbio, na inamkuta shosho chini. Kwa hivyo ramani inayoonyesha tu kwamba nyumba yake iko mahali pa hatari inasema kweli, ila ni nusu ya kweli. Mtu akiisoma haraka ataona kosa ni la mwenye nyumba.

Nilikabidhi rasimu mwezi Machi. Nyumba ya shosho ilikuwa kwenye mraba mwekundu kabisa. Nilipata alama nzuri.

Usiku mmoja wa Aprili mvua ikanyesha na mto Mathare ukavunja kingo. Watu walikufa. Asubuhi nilikuwa kitandani hosteli, natazama video kwenye simu, na nikatambua pembe ya ukuta ninaoujua. Mwezi wa Februari nilikuwa na ramani. Mwezi wa Machi nilikuwa na alama. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote anayeishi pale.

Mwezi Mei zikaja tingatinga. Amri ilikuwa kila aliye ndani ya mita 30 kutoka mtoni aondoke. Kanuni zetu za maji zinataja ukingo wa kati ya mita 6 na 30, lakini hiyo 30 ndiyo iliyoshika. Nikafikiria: mita thelathini! Mraba mmoja wa ramani yangu. Nikashukuru kwamba kazi yangu ilikuwa imelala kwenye kabati ya idara na hakuna ofisi iliyoiona. Hapo ndipo nilipojishtukia. Wiki tatu kabla nilijilaumu kwa kutowapa watu ramani, na sasa nilifurahi kwamba hakuna aliyeipata. Siwezi kuwa sahihi mara zote mbili.

Rafiki yangu wa darasani aliona najisumbua bure. "Kazi yetu ni kusema maji yanafika wapi," aliniambia. "Nani anabomoa nini, hayo ni ya wanasiasa. Na usisahau 2018 walibomoa majengo makubwa ya biashara Westlands na Lang'ata, kwa hivyo usiniambie ati ni maskini tu." Ana hoja. Ukificha ramani kwa kuogopa tingatinga, mto hautasoma nia yako njema. Mto utakuja. Na ni kweli majengo ya matajiri yaliguswa. Lakini mwenye jengo ana wakili, ana benki, na usiku ule alilala nyumbani kwake. Kipimo kimoja hakimuumizi kila mtu sawa, na anayekishika kipimo hawezi kujifanya hajui hilo.

Nilimpata shosho mwezi wa Julai, akiuza mandazi barabarani, mbali na mto. Anakaa kwa binti yake, watu saba chumba kimoja. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha. Hakunipa nafasi.

"Ile karatasi yako ilisema nini?"

Nikafungua simu, nikamwonyesha. Alivaa miwani, akatafuta njia kwa kidole, akipita dukani, msikitini, darajani. Akafika kwake. Akatikisa kichwa.

"Hapa umekosea. Maji hayakuanzia mtoni. Yalitoka nyuma, kwa ule mtaro uliozibwa na takataka. Sisi tulikimbilia mtoni tukidhani ndiko nafuu."

Mtaro huo una upana wa kama mita moja. Mraba wangu haukuweza kuuona, na mimi nilikuwa nimeuruka mara tatu nikienda kunywa chai.

Tangu siku hiyo nimeacha kujiuliza kama ningetoa ramani au ningeificha. Swali lenyewe lilinifanya mimi niwe mwenye ujuzi na yeye awe wa kuhurumiwa. Kumbe nilimdai shosho kuliko nilivyojua: nilichukua mstari wake wa tope, nikauita data, na sikurudi kumuuliza kama nimeusoma sawasawa. Ningerudi Machi, ramani ingekuwa na mtaro. Na ingekuwa mikononi mwa watu ambao wangejua la kufanya nayo kabla mtu mwingine hajaamua kwa niaba yao. Sisemi ingezuia mvua wala tingatinga. Huenda isingezuia lolote. Lakini usiku ule wangejua upande wa kukimbilia.

Nimeuchora mtaro ule sasa. Nimeweka pia, kwa rangi nyingine, lami yote ya huko juu ambako maji hutoka. Idara haikuniomba, na alama hazibadiliki. Jumamosi nitaipeleka ikiwa imechapishwa kwenye karatasi kubwa, kwa sababu shosho alisema simu yangu inamuumiza macho.