Picha Nzuri Iliyozima Simu

Ndugu zangu mnaotengeneza kadi za harusi hapa Bujumbura, naomba mnisikilize kidogo. Wateja wetu wa Buyenzi na Bwiza wanapenda maua: waridi pembeni, bogonvilia juu, rangi zikolee. Tunafungua picha kwenye Photoshop au GIMP, tunayafifisha maua ili maandishi yasomeke, kisha tunatuma WhatsApp. Rangi tunaipima kwa macho tu, na hapo ndipo mimi na wewe tunaweza kujikwaa.

Kipo kisa kinachotuonya: mwezi Agosti 2019, mpiga picha mmoja wa San Diego, Marekani, alipiga picha ya ziwa St Mary lililoko Montana. Aliihariri kwa programu ya Lightroom, na alipoihifadhi akachagua wasifu wa rangi uitwao ProPhoto RGB. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Mwishoni mwa Mei 2020 onyo likasambaa duniani: usiiweke picha hii kwenye skrini ya simu yako. Baadhi ya simu za Android 10, zikiwemo za Samsung na Google Pixel, zilikuwa zikiwekewa picha hiyo kwenye skrini zinazima na kuwaka bila kukoma. Wapo waliolazimika kufuta kila kitu kwenye simu.

Chanzo kilikuwa kidogo mno. Simu hupima mwanga wa kila nukta ya picha na hutarajia jibu lisizidi 255. Picha ile ilikuwa na wigo wa rangi mpana kuliko wa sRGB, kipimo cha kawaida cha skrini tangu miaka ya 1990. Hesabu ya nukta fulani ikafika 256, na mfumo ukaanguka. Kosa la programu lilikuwa la Android, hilo lazima tuseme kwa haki. Lakini mlango ulifunguliwa wakati wa kuhifadhi, na mwenye picha hakuweza kujua, kwa kuwa yeye alitumia iPhone.

Sasa tazameni dalili tunazozipuuza sisi. Ukifungua picha yenye wasifu mwingine, GIMP inakuuliza: uubakize au uubadilishe? Wengi tunabonyeza tu ili dirisha liondoke. Photoshop nayo, ukichagua waridi kali la bogonvilia, inaonyesha pembetatu yenye alama ya mshangao, maana yake wino wa mashine hauifikii rangi hiyo. Tunaipita. Kadi ikitoka kwa mpiga chapa imepauka, bibi harusi analia, na lawama inamwangukia fundi wa mashine ambaye hana kosa.

Nawasihi, lisomeni lile dirisha. Kwa kadi itakayotazamwa kwenye simu, chagua kubadilisha kwenda sRGB. Usichanganye na kubandika wasifu, kwani ukibandika, namba za rangi hubaki zilezile na sura ndiyo inayogeuka, kama fundi cherehani aliyepewa vipimo vya inchi akavisoma kwa sentimita. Kwa kadi ya kuchapwa, muulize mpiga chapa anataka wasifu gani kabla hujapanga ua la kwanza. Na umpelekee faili lenyewe kwa diski ya USB, maana picha inayopita WhatsApp kwa kawaida hubanwa na kupoteza pikseli: ukurasa wa A5 unahitaji takriban pikseli 1748 kwa 2480 ili petali zisivunjike.

Mwisho, mtumie kadi jirani mwenye simu tofauti na yako, uitazame mkononi mwake kabla mteja hajailipia. Android 11, iliyotoka Septemba 2020, ilirekebisha kosa lile, lakini mjini kwetu simu hutumiwa hadi ichakae, na zipo ambazo hazijawahi kusasishwa tangu zinunuliwe.