Kiti Kisicholipiwa

Neno bure lina maana mbili katika lugha yetu. Kitu kilichotolewa bure ni kitu kisicholipiwa. Na mtu aliyekwenda bure amekwenda pasipo faida. Labda kwa sababu hiyo wengi wetu, tukisikia habari za elimu ya bure, huona shaka kidogo moyoni. Twataka kulichungua jambo hili kwa kutazama chuo kimoja cha ng'ambo, maana huko limejaribiwa kwa muda mrefu.

Katika mji wa New York, huko Marekani, alikuwako mtu jina lake Peter Cooper, aliyezaliwa mwaka 1791. Shuleni alikaa yapata mwaka mmoja tu. Alitajirika kwa kutengeneza gundi, na mwaka 1830 aliunda garimoshi dogo lililokuwa miongoni mwa yale ya kwanza nchini mwake. Katika mwaka 1859 alifungua chuo kiitwacho Cooper Union, ili watoto wa watu wa kazi, wake kwa waume, wajifunze sayansi na usanii; maana alitaka elimu ipatikane kama hewa na maji. Katika jumba la chuo aliacha tundu la mviringo toka chini hata juu, kwa ajili ya lifti ya kupandisha watu, ingawa lifti ya namna hiyo ilikuwa haijapatikana bado. Sisi twapenda sana habari ya tundu lile. Tangu mwaka 1902 kila aliyekubaliwa katika masomo ya shahada, ama ya usanii, ama ya kuchora majengo, ama ya uhandisi, hakudaiwa ada.

Lakini hewa haimfanyii mtu mtihani kabla ya kuingia kifuani mwake. Hewa yatosha watu wote, viti vya chuo havitoshi. Katika miaka ile ya bure, waliokubaliwa walikuwa pungufu ya kumi katika kila mia walioomba. Basi yule aliyeketi hakupewa kitu kisicho na bei. Bei yake ililipwa na marehemu mwenye gundi, tena ililipwa na wenzake tisa na zaidi waliorudishwa mlangoni.

Kwa sababu hiyo twaona kwamba kuomba nafasi mahali kama hapo ni jambo la uaminifu kuliko la akili. Kwa miaka mingi waombaji wa usanii na wa majengo walipelekewa maswali machache nyumbani, wakapewa majuma kadhaa wayajibu kwa kazi ya mikono yao. Hapakuwa na msimamizi. Chuo kilitaka kujua jinsi kijana anavyotazama na kuwaza akiwa peke yake. Nasi walimu twajua mambo ya kazi za nyumbani! Kaka ananyosha mstari mmoja, mjomba anaongeza rangi, na baba mwenye fedha anamwajiri fundi. Mwisho kazi inapendeza, wala mtoto hayumo ndani yake. Mtu atasema, "Nani atajua?" Tena atasema kwamba hakuiba, kwa kuwa hapana aliyepungukiwa. Walakini yuko aliyepungukiwa, naye hatajulikana kamwe jina lake: ni yule maskini aliyechora peke yake kwa taa hafifu. Mahali pa kulipia, tajiri hununua kiti mchana na watu wote wanaona. Mahali pa bure aweza kukinunua kwa siri, na tendo hilo ni baya zaidi.

Mwaka 2013 wakuu wa chuo walitangaza kwamba fedha zimepungua, na kwamba watakaoingia kuanzia mwaka 2014 watalipa nusu ya ada. Wanafunzi walikasirika, wakaikalia ofisi ya rais wa chuo kwa majuma mengi, na shauri likafika mahakamani. Wako waliosema kwamba kusamehewa nusu ni hisani kubwa bado. Hatuwezi kuwadharau, maana chuo kilichofilisika hakimfundishi mtu. Ila nusu ile iligeuza swali la mlangoni. Kwanza mzazi aliuliza, "Mtoto wetu aweza?" Baadaye ikambidi aulize, "Sisi twaweza?" Na maskini asiyejua hesabu za misaada huliacha jambo kabla ya kuandika barua. Yeye hahesabiwi miongoni mwa waliokataliwa, kwa kuwa hakuomba. Mwaka 2018 chuo kilikubali mpango wa miaka kumi wa kurudi katika desturi ya zamani, na mwaka 2024 kikatangaza kuwasamehe ada wale wa mwaka wa mwisho. Hata hivyo chakula na chumba katika mji ule ni ghali, wala Cooper hakuacha urithi wa kuvilipia.

Kijana akitujia na maswali ya chuo cha namna hiyo, twaonaje? Tumpe meza, na karatasi, na mahali pasipo kelele. Tumwondolee kazi ya kuchota maji kwa majuma hayo. Akiuliza kama picha yake ni nzuri, tumwambie atazame tena. Na mama yake aonyeshwe kazi ile siku bahasha ikiisha kufungwa.