Usimnunulie Baiskeli Tu, Panda Naye

Mzazi mwenzangu, baiskeli ya mwanao iko wapi sasa hivi? Katika nyumba nyingi ninazozijua iko nyuma ya jiko, tairi zimelala, mnyororo umeshika kutu. Uliinunua kwa mapenzi, tena kwa kujinyima, na siku ile mtoto alishangilia hadi majirani wakatoka nje. Lakini mtoto anayezunguka peke yake uani, kati ya simtanki na kamba ya nguo, lazima atachoka. Ulimpa baiskeli, nafsi yako ukabaki nayo. Leo nakusihi umpe na hiyo pia: panda, mwende wote.

Wala si jambo geni kwetu. Nenda Shinyanga, Tabora au Kahama asubuhi ukaone: mtoto yuko kwenye keria, sare imenyooshwa, amemshika baba kiunoni, wanakwenda shule huku wakiongea. Wengi wetu tuliozaliwa kabla bodaboda hazijajaa barabarani, dunia tulianza kuiona tukiwa tumekaa kwenye bomba la Phoenix ya mzee, mikono yetu kwenye usukani karibu na yake, pumzi zake zikitupiga utosini. Alitutajia majina ya miti, majina ya wenye mashamba, na nani alimuuzia nani ng'ombe yupi. Halafu tukahamia mjini, mambo yakanyooka kidogo, baiskeli tukaiona ni ya mtu ambaye maisha yamemshinda. Siku hizi mtoto yuko kiti cha nyuma na simu yake, mzazi yuko kiti cha mbele na foleni yake, na wanafika bila kuambiana neno.

Mkalishe mtoto wa darasa la tano kwenye kochi, mtazame usoni, muulize, "Shule vipi?" Atajibu "Nzuri," na mazungumzo yamekwisha. Sasa mpeleke barabarani. Macho yake yako mbele, yako pia yako mbele, hakuna anayemhoji mwenzake. Simu yako iko mfukoni na itabaki humo, maana mikono yote miwili ina kazi. Mnapanda kilima mnahema. Mkifika juu mnashusha mguu chini, mnapokezana chupa ya maji. Hapo ndipo maneno yanapoanza kutoka yenyewe: jina baya analoitwa darasani, sehemu ya hesabu iliyomshinda tangu muhula uliopita, rafiki aliyehama bila kuaga. Usikimbilie kutoa hotuba. Sema "enhe", kanyaga, endelea kusikiliza. Naamini kwa moyo wote kwamba mtoto aliyezoea kusikilizwa akiwa na miaka 9 ndiye atakayekutafuta akiwa na miaka 16, siku ambayo jambo lake litakuwa zito kuliko hesabu.

"Wangu hajui kuendesha," utasema. Basi una bahati, maana kumfundisha ndiyo sehemu tamu kuliko zote! Usimfungie vigurudumu vya pembeni. Vinamzoesha kukanyaga lakini vinamnyima mizani, na mizani ndiyo kazi yenyewe. Azima spana namba 15 kwa fundi, fungua pedali zote mbili. Ya kulia inafunguka kama nati nyingine yoyote. Ya kushoto ina uzi wa kinyume, inafunguka ukizungusha kufuata mishale ya saa, kwa hiyo usiilazimishe ukaiua. Shusha siti mpaka nyayo zake zote zikanyage ardhi. Tafuta mteremko mdogo pembeni ya uwanja wa mpira, asukume kwa miguu kama anayetembea, kisha achukue hatua ndefu zaidi, kisha anyanyue miguu yote na kuteleza. Mfundishe kanuni moja tu: ikiangukia kulia, geuza usukani kulia kidogo, ikiangukia kushoto, ifuate kushoto. Mwili unakataa mwanzoni, halafu ghafla unaelewa. Akiweza kuteleza hadi chini bila kugusa ardhi, rudisha pedali.

Wewe kimbia ubavuni kwake, mkono mgongoni, na usukani usiuguse, kwa sababu ukiushika unaendesha wewe. Ataanguka. Mpanguse vumbi, litazame goti, mwambie "haya, tena" kwa tabasamu la kweli. Kisha itafika dakika utaona mkono wako uko hewani, mtoto ameshatangulia, anapiga kelele, "Baba niangalie! Mama niangalie!" na wewe unapiga kelele kumzidi. Siku hiyo ungependa awepo nani pale? Binamu yake? Dada wa kazi? Ni haki yako, usimwachie mtu.

Kina mama, na nyie wenye mabinti, neno hili ni lenu. Bado zipo nyumba ambazo kaka anapewa baiskeli na dada anaambiwa si vizuri msichana kuonekana juu ya siti. Muulize binti anayetembea kilomita nyingi kwenda sekondari ya kata kama baiskeli ni ya wavulana! Mfundishe wako. Na kama mama hukuwahi kufundishwa, anza leo pamoja naye, kwa njia ile ile ya kutoa pedali na kushusha siti. Inamfaa mtu mzima kama inavyomfaa mtoto. Dera lifunge vizuri lisiingie kwenye mnyororo, au vaa suruali ndani, na wanaocheka waache wacheke. Binti aliyemwona mama yake akianguka, akainuka na kupanda tena, amefundishwa ujasiri bila kuhubiriwa.

Barabara zetu zinatisha, hilo silibishi, ndiyo maana nasema nenda naye badala ya kumtuma. Tokeni mapema. Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi hata Dar es Salaam hupumua, na mitaa ya ndani ni yenu. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo mtoto atangulie, wewe ukae nyuma yake ukiwa kulia kidogo, upande wa magari, dereva akuone wewe kwanza na mtoto aisikie sauti yako. Mkiwa wazazi wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, mtoto katikati. Kofia ngumu ikae sawa kichwani, vidole viwili juu ya nyusi, na ya kwako uivae pia. Breki zijaribuni kabla ya kuvuka geti.

Sehemu za kwenda zipo. Paje na Jambiani, Unguja, maji yakitoka mchanga hukaza na baiskeli hupita kando ya bahari. Nairobi kuna msitu wa Karura wenye njia za baiskeli, na hata za kukodi zipo. Karibu na Naivasha, katika Hifadhi ya Hell's Gate, unaruhusiwa kuendesha baiskeli huku pundamilia na twiga wakila majani. Kigali wamekwenda mbali zaidi: tangu 2016 wanafunga baadhi ya barabara kwa magari, na siku hizi hufanya hivyo Jumapili mbili kila mwezi, asubuhi, wazazi na watoto wakatembea, wakakimbia na kuendesha baiskeli katikati ya lami. Mji uliamua tu. Diwani wako akija kuomba kura, muulize mtaa wenu utafungwa lini.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki. Saa moja na robo Jumamosi, saa moja na robo Jumapili, na wewe mwenyewe umetimiza yako, bila ada ya jimu.

Pancha nayo usiichukie. Mpeleke mtoto mwenyewe kwa fundi chini ya mwembe, mwombe fundi amwachie kazi. Mtoto auzamishe mpira kwenye beseni la maji, auzungushe polepole mpaka aone mapovu; aweke kidole hapo, aukaushe, asugue kwa msasa, apake solusheni, asubiri ikauke kidogo, kisha abandike kiraka na kukikandamiza kwa nguvu zake zote. Mtazame uso wake akijaza upepo na upepo ukakaa. Mtoto huyo amejua kwamba kitu kikiharibika kinatafutiwa tatizo na kutengenezwa, na amejifunza hivyo ukiwa umechuchumaa pembeni yake.

Najua pesa hazitoshi. Baiskeli ya mtumba inatosha. Ya kuazima kwa jirani inatosha. Ikiwa ni moja tu, pokezaneni: yeye aendeshe wewe ukimbie, kisha wewe uendeshe yeye akae kwenye keria, miguu mbali na spoku. Hata umbali si hoja. Kuzunguka hadi sokoni na kurudi na nyanya ni safari kamili. Kinachohitajika ni saa moja yako, nzima, isiyokatwa na simu. Miguu ya mtoto inarefuka haraka. Muda si mrefu siti ile itakuwa fupi kwake, atakuwa na marafiki wake na njia zake, na hatakuomba umsindikize.

Kwa hiyo usingoje likizo, wala mshahara, wala barabara nzuri. Peleka baiskeli kwa fundi kesho. Leo usiku, kabla hajalala, mwambie: Jumamosi tunatoka wote. Na Jumamosi ikifika, toka.