Huruma kwa Mwanapunda Mgonjwa: Je, ni Wema au ni Tabia ya Asili?

Ndugu msomaji, katika mkoa wa Singida punda ni msaidizi mkubwa wa nyumba. Ndiye abebaye madumu ya maji kutoka kisimani na magunia ya mtama na uwele kutoka shambani. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na kwa kawaida huzaa mwana mmoja tu. Tuseme mwana huyo amezaliwa usiku wa Julai, wakati wa baridi na upepo, naye hawezi kusimama wala kunyonya. Mwenye nyumba amwingiza ndani, amfunika gunia, akesha naye karibu na moto. Je, mbele ya Mwenyezi Mungu kazi hii ni wema, au ni ulaini wa moyo tu?

Wako wasemao kwamba mnyama hana hesabu, na thawabu hupatikana kwa kumsaidia mwanadamu peke yake. Mtume Mtukufu s.a.w. hakufundisha hivyo. Alisimulia habari za mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji katika kiatu chake na kumnywesha mbwa mwenye kiu, na kwa ajili hiyo Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama kuna thawabu hata kwa wanyama, aliwajibu kwamba iko kwa kila chenye uhai.

Lakini isidhaniwe kwamba kila huruma ni wema. Seyidna Ahmad a.s., katika hotuba yake iliyosomwa mjini Lahore Desemba 1896, alieleza kwamba hali za asili za mwanadamu haziitwi tabia njema mpaka zitumiwe kwa akili, mahali pake na kwa wakati wake. Mtoto mdogo amliliapo mwanapunda, machozi yake ni ya asili. Ni mbegu nzuri, lakini bado ni mbegu.

Tena huruma isiyo na elimu yaweza kuua. Mwenye huruma ya namna hiyo humlaza mwanapunda dhaifu na kummiminia maziwa kinywani kwa nguvu. Maziwa yakaingia mapafuni, na mwana akafa mikononi mwa ampendaye. Mwenye akili kwanza humpasha joto. Kisha hukama dang'a ya mama yake na kumpa kidogo kidogo, kichwa kikiwa katika hali ya kunyonya, mradi aweza kumeza. Hafanyi hivyo kesho bali katika saa za mwanzo, kwani mwanapunda huzaliwa karibu bila kinga ya maradhi. Huipata katika dang'a, na baada ya siku moja hivi tumbo lake haliwezi tena kuipokea. Kitovu hukitia dawa na kukiweka safi, maana kidonda hicho ni mlango wa pepopunda. Na palipo na mganga wa mifugo, humwita mapema. Hapo huruma imeongozwa na akili.

Linabaki swali zito zaidi. Tuseme mama wa mwanapunda amekufa, na wakati wa kiangazi maziwa ya ng'ombe ni kikombe kimoja tu. Je, apewe nani? Kila Ijumaa, katika hotuba, twasikia Mwenyezi Mungu akituamrisha uadilifu, kisha hisani, kisha kutoa kama mtu atoavyo kwa jamaa yake. Uadilifu hutangulia. Haki ya mtoto isinyang'anywe kwa ajili ya mnyama. Baba akitaka kutoa, na atoe fungu lake mwenyewe. Hapo ndipo hisani ianzapo. Na akiamka usiku mara ya tatu pasipo kuwaza faida wala sifa, kama mama aamkavyo kwa mwanawe, amefikia daraja ya juu.

Wahenga walisema: fadhila ya punda ni mateke. Nyama ya punda wa nyumbani tumekatazwa tangu vita vya Khaibar, na mwana huyu hafai kubebeshwa mzigo kabla ya miaka mitatu hivi. Huenda asifikie hata alfajiri. Je, akifa, kazi imepotea? Hapana! Atazamaye faida peke yake ataona hasara. Macho ya namna hiyo ndiyo yaliyowageuza punda wengi wa Afrika kuwa ngozi za kuuzwa, hata Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku uchinjaji huo. Bali aliyemtazama kiumbe kwa ajili ya Muumba wake hakupoteza kitu.

Kipimo cha mwisho ni hiki: asubuhi, mkesha ukiisha, anamtendeaje punda mkubwa mwenye kidonda mgongoni? Akimtwisha magunia na kumchapa, basi huruma ya usiku ilikuwa ya asili tu. Mtume s.a.w. alipomwona punda aliyechomwa alama usoni, alimlaani aliyetenda hivyo. Nasi tuliofunga Baiat tumeahidi katika sharti la nne kutowaudhi viumbe vya Mungu, na katika sharti la tisa kuvihurumia. Ahadi hiyo haiishii mlangoni mwa zizi.

Mwenyezi Mungu atujalie huruma yenye akili na haki. Amin.