Nyuma ya Mpiga Picha

Ukisimama kwenye shamba la pamba Mwandoya, wilayani Meatu, mwezi Juni, vitumba vikiwa vimeshapasuka na wachumaji wameinama mistarini, macho yako hayapati cha kuyazuia. Upeo umekuzunguka. Mahali kama hapa picha ya kawaida ni finyu mno, na ninawaelewa vijana wanaojizungusha polepole, simu mkononi, ili wachukue duara zima.

Ufundi wake mtu yeyote anaujifunza. Simu ishikwe wima, nawe uizunguke, badala ya kuizungusha kwa urefu wa mkono. Lenzi ikihamahama, vitu vya karibu havitaungana, na nguzo ya kibanda itatoka imekatika. Kila picha ilalie iliyotangulia kwa theluthi moja hivi. Anayetembea msubiri apite, la sivyo atatokea mara mbili, au nusu mtu. Zipo pia kamera kama Ricoh Theta, iliyoingia sokoni 2013, zenye lenzi mbele na nyuma, zinazonasa yote kwa mbofyo mmoja.

Kinachonifikirisha zaidi ni kwamba picha hizi hazina nyuma. Kwa miaka mingi vijiji vyetu vimepigwa picha na watu waliochagua: mtoto aliyevaa nguo iliyochanika akaingia, duka lenye sola lililokuwa mgongoni mwa mpiga picha likabaki nje. Mwingine akataka twiga peke yake, akamwacha mchungaji. Aliyeitazama picha ile mbali na hapa hakuwa na njia ya kugeuka aone kilichoachwa. Picha ya nyuzi 360 inampa njia hiyo. Mbuyu umo, rundo la taka limo, gari lililowaleta wageni limo, na mpiga picha naye yumo, isipokuwa ajifiche nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo nilifurahi mwaka 2019 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walipofundishwa kupiga kwa kamera za nyuzi 360 barabara na mitaa ya visiwa vyao, katika mradi wa World Travel in 360. Wenyeji ndio walioshika kamera. Miaka mitano kabla yake, 2014, njia za msitu wa Gombe ziliingizwa kwenye ramani za Google kwa namna hiyohiyo, kwa ushirikiano na Taasisi ya Jane Goodall na Hifadhi za Taifa.

Lakini sokwe wa Gombe haombwi ruhusa. Mama anayeanika mahindi uani huombwa. Uzito wa picha ya duara uko hapo. Kamera ya kawaida humwelekea mtu, naye akaiona, akakubali au akageuza uso. Hii humnasa hata yule uliyempa kisogo, ambaye hakujua kama anahusika. Na Usukumani huingii mji wa mtu bila kusalimia. Hata simu yako isiingie kabla ya “mwangaluka” yako.

Ningependa anayetaka kupiga aanze kwa miguu. Alitembee duara lote, awaambie walio kila upande simu itaona nini, awaonyeshe picha nyingine aliyokwisha kupiga ili waelewe, kisha ndipo arudi katikati. Mzee akikataa, mpiga picha asubiri amalize shughuli zake, au atafute upande mwingine wa shamba. Mzee asiombwe kusogea.