Yuko, Yupo, Yumo

Sarufi ya Kiswahili haimruhusu mtu kutaja mwenzake alipo bila kwanza kupima anajua kiasi gani. Ukisema yuko Tabora, umetaja upande tu: huenda yuko sokoni, huenda yuko Ipuli, huenda ameshashika njia ya Urambo. Ukisema yupo, umeweka kidole mahali, na atakayekwenda pale atamkuta. Ukisema yumo, umevuka mpaka mwingine kabisa, kwa maana umedai kujua kinachomzunguka, iwe nyumba, msafara, deni au msiba, na kwamba yeye ni sehemu yake. Wanafunzi huzikariri tofauti hizi kwa ajili ya mtihani, kisha huzisahau. Nazitoa kabatini kwa sababu zinatusaidia kulifikiri jambo ambalo simu ya mkononi imelileta mlangoni petu: anayepiga simu leo aweza kujulikana alipo kabla hajafungua kinywa, na kujulikana huko kusipitie kwake.

Enzi ya simu ya mezani swali hilo halikuwapo. Namba ilikuwa ya nyumba au ya ofisi, si ya mtu. Mwenye kupokea alikuwa penye waya, basi. Hata msimbo wa 026, ambao Tabora inauchangia na Dodoma, Singida, Iringa na Njombe, ulitosha kumwambia anayepigiwa kwamba sauti inatoka bara ya kati. Simu ya mkononi iling'oa namba kutoka ardhini na kuipachika kwa mtu. Tarakimu za mwanzo zikabaki kutaja kampuni, na tangu Machi 2017, Tanzania iliporuhusu mteja kuhama mtandao bila kubadili namba, hata kampuni haina uhakika. Zile programu zinazodai kumtambua mpiga simu mara nyingi hutuonyesha tu jina ambalo watu wengine wamemwandikia katika simu zao, ndiyo maana fundi mwenye heshima zake anaweza kutokea kwenye kioo cha mgeni kama "Juma Bomba". Kwa hiyo tumeanza kuulizana. Salamu ya simu haijakamilika mpaka mmoja aseme "Uko wapi?", na mwingine ajibu kwamba amefika Nzega, hata kama basi bado linapakia Igunga.

Wakati sisi tunaulizana, mtandao umeshajua. Hauwezi kufanya kazi bila kujua. Ili simu iite, mitambo haina budi kufahamu mapema laini imo katika eneo la minara ipi. Vinginevyo ingelazimu kuitafuta nchi nzima kila inapopigwa. Basi simu hujiripoti yenyewe, hata ikiwa mfukoni na mwenyewe amelala. Waliobuni mfumo wa GSM waliweka sajili mbili: ya nyumbani, inayotunza kumbukumbu za laini kwa kampuni yake, na ya wageni, inayoandika laini zilizoingia eneo fulani. Mtu wa njia ya misafara iliyopita Tabora zamani angeuelewa utaratibu huo mara moja. Mnara hupima pia muda ambao mawimbi yanachukua kwenda na kurudi, na katika GSM kila hatua ya kipimo hicho ni kama mita 550. Mjini, penye minara mingi, makutano ya vipimo humweka mtu mtaani mwake. Katika miombo ya Sikonge, ambako mrina asali anaweza kukaa siku kadhaa kwenye mizinga yake, mnara mmoja unaweza kuhudumia umbali wa hadi kilomita 35, na kinachojulikana ni kwamba yuko huko, mahali fulani msituni. Setilaiti ndizo zinazoigeuza yuko kuwa yupo, kwa mita chache. Yumo hakuna chombo kinachoifikia. Kifaa kinaweza kuonyesha kwamba simu ipo kwenye jengo la hospitali. Hakiwezi kusema kama mwenye nayo ni mgonjwa, muuguzi au mtu aliyekuja kudai deni lake.

Hoja yangu ni kwamba mahali pa mtu ni habari yake kabla ya kuwa data ya mtambo, na kwamba mwenye uwezo wa kuijua bado ana wajibu wa kuiuliza. Najua inasikika kama adabu za wazee zilizolazimishwa kuingia kwenye uhandisi. Lakini dini zote mbili zilizopita njia hiyo ya misafara, ile iliyokuja na wafanyabiashara wa pwani na ile iliyokuja na wamisionari, zinafundisha Mungu ambaye hakuna pa kumkimbia, na zote zinakataa kuufanya ujuzi huo kuwa kielelezo cha kuigwa na binadamu. Katika kitabu cha Mwanzo Mungu anamwita Adamu aliyejificha mitini na kumwuliza alipo. Wafafanuzi wamejiuliza kwa karne nyingi kwa nini Mwenye kujua yote aulize, na jibu lao zuri ni kwamba swali lilimpa Adamu nafasi ya kujisemea. Jambo hilo linarudi sura ya kumi na sita, mahali ambapo kwa msomaji wa Tabora, mji uliopitiwa na misafara ya watumwa, pangepaswa kuuma zaidi. Hajiri, kijakazi, ametoroka kwa bibi yake na yuko jangwani penye chemchemi. Malaika amemwona; anajua jina lake na anajua anamtumikia nani. Bado anamwuliza ametoka wapi na anakwenda wapi, na mtoro anajibu kwa kinywa chake kwamba anakimbia. (Kwamba baadaye anaambiwa arudi ni sehemu ngumu ya habari ile, na sitajaribu kuilainisha.) Ni baada ya kuulizwa ndipo Hajiri anamwita Mungu jina la mwenye kuona. Kuonwa bila kuulizwa pengine angekuita kitu kingine.

Kurani nayo inasema Mungu yu karibu na mtu kuliko mshipa wa shingo yake, na kwamba yu pamoja nasi popote tulipo. Mtu angetarajia kwamba jamii inayoamini hivyo ingezoea kuchungulia. Sura An-Nur inakwenda kinyume: waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe. Al-Hujurat inakataza kupelelezana. Ujuzi usio na mpaka umeachiwa mmoja. Waliobaki wapige hodi. Nasi tunaijua hodi ilivyo. Mlango waweza kuwa wazi, mwenye nyumba waweza kumwona kabisa uani anapepeta mchele, na bado hodi inapigwa, kwa sababu kazi yake si kupata habari ya nani yumo. Inamrudishia mwenye nyumba neno la kwanza.

Historia ya njia yenyewe inaongeza jambo jingine. Vitabu vya Ulaya vilimtangaza David Livingstone kuwa amepotea, na mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Stanley akaja kumtafuta. Alikaa Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, akazuiwa na vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, akazunguka kusini na kumkuta Ujiji kabla ya mwaka kwisha. Lakini Livingstone alipotea kwa nani? Watu wa Ujiji walikuwa naye mjini mwao. Wafanyabiashara walikuwa wamekutana naye, na kabla Stanley hajafika, msafara aliokutana nao njiani ulimpa habari ya mzungu mzee aliyeko kule. Mfuko wa barua zake ulioondoka Unguja Novemba 1870 ulikuwa bado umekwama Unyanyembe, si kwa sababu hakujulikana alipo, ila kwa sababu hapakuwa na wa kuupeleka. Kupotea ni neno la anayetafuta, na linaeleza ujinga wake yeye. Anayetafutwa kwa kawaida anajua vizuri sana alipo, na majirani zake wanajua. Tukilisahau hilo tunaanza kufikiri kwamba mtu asiyeonekana kwenye ramani ya mtandao hayupo popote.

Pingamizi la kwanza ni zito. Ukiuliza watu, watu hudanganya, mtambo haudanganyi. Ushahidi uko palepale kwenye habari za Livingstone: Desemba 1866 Musa na wenzake wa kisiwa cha Anzwani, waliokuwa wamemwacha safarini, walifika Unguja na kusema ameuawa, nao wakaaminiwa na wengi. Leo tapeli anayekutumia ujumbe kwamba ile pesa uitume kwenye namba hii hatakujibu kweli ukimwuliza alipo. Nakubali yote. Ila tuangalie uongo wa Musa uligunduliwaje. Mwaka 1867 E. D. Young alitumwa Ziwa Nyasa, akawauliza wanavijiji waliomwona Livingstone akipita akiwa hai, na maneno yao yakalivunja neno la Musa. Ushuhuda ulisahihishwa kwa ushuhuda. Na mtambo wenyewe unashuhudia laini tu. Tangu Mei 2019 laini zetu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na kutokana na hilo tumezoea kudhani laini ni mtu. Katika nyumba ambamo simu ya mama hubebwa na mtoto dukani, na ya kaka huazimwa na shemeji kwa safari ya Kaliua, dhana hiyo inaweza kumweka asiye na kosa mahali pa tukio kwa usahihi wa kupendeza. Mtambo hausemi uongo; ni sisi tunaoongeza neno usilolisema. Polisi wanaomsaka tapeli wana haki ya kupata kumbukumbu za minara, lakini nao wapige hodi mahali, kwa sheria na mbele ya mtu mwingine anayeweza kuwaambia hapana. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano binafsi ya mtu na papo hapo inaiachia sheria kuweka utaratibu wa kuingiliwa kwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuja kuongeza uzito upande wa mwenye taarifa. Kasoro ya hodi ya kisheria ni kwamba mwenye nyumba haisikii. Kwa hiyo anayeisikia kwa niaba yake hapaswi kuwa mtu mmoja na anayeipiga.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi: vipi asiyeweza kusema? Mama aliyeanza kutokwa damu usiku kijijini hana muda wa falsafa yangu. Lakini hapa hodi imeshapigwa, na aliyeipiga ni yeye. Anayepiga simu ya dharura amefungua mlango kwa mkono wake na anataka watu waingie. Mpango wa m-mama, ambao Shinyanga, jirani wa Tabora, ilikuwa kati ya maeneo yake ya kwanza kabla haujasambaa nchini, unajengwa juu ya mwito huo: mtu anapiga 115 bila malipo, anaulizwa hali ya mgonjwa na alipo, na gari la wagonjwa lisipokuwa karibu anaitwa dereva wa jamii aliyekubaliana na mpango mapema. Katika nchi kadhaa za Ulaya simu yenyewe huwasha kipimo cha mahali inapopigwa namba ya dharura na kukituma kwa waokoaji, jambo lililoanzia Uingereza mwaka 2014. Huo ni uhandisi unaojua adabu: unasubiri kuitwa. Kinachonitia wasiwasi ni kuitumia dharura ya mama huyo kuhalalisha kumbukumbu ya mahali pa kila mtu, kila saa, ikitunzwa kwa ajili ya siku ambayo mtu fulani ataihitaji.

Linabaki lile la kila siku, kwamba asiye na kosa hana cha kuficha. Mume humwambia mke wake, "Nitumie lokesheni," na akikataa huonekana ana lake jambo. Wanaosema hivyo wasome tena habari za njia hii. Walioipita wakiwa wamefungwa minyororo walikuwa na jina kwa yule aliyefaulu kujificha: mtoro. Neno hilo limebaki katika lugha likiwa na harufu ya lawama, mpaka leo tunawaita hivyo watoto wasiohudhuria shule, kana kwamba aliyekosea alikuwa aliyekimbia. Kwake yeye kutojulikana alipo ndiko kulikokuwa uhuru wote aliokuwa nao. Mwanamke anayemkimbia mume mpigaji yumo katika hali hiyohiyo leo, na simu iliyo mkononi mwake hujiripoti kila akipita mnara.

Pia ziko nyakati ambapo kuficha mahali ni uaminifu. Livingstone alifariki 1873, na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaibeba maiti yake kuelekea pwani. Mwezi Oktoba walifika Kwihara, wakamkuta ofisa Mwingereza, Luteni Cameron, aliyeshauri azikwe hapohapo, lakini walikataa. Mbele kidogo ya Tabora waligundua kwamba watu wa njiani hawatakubali maiti ipite. Wakafunga mabua ya mtama kwa nguo, wakayafanya mfano wa maiti, na wenzao wachache wakayabeba hadharani kurudi Unyanyembe kama waendao kuzika. Walipofika porini wakayatawanya. Anayenipinga atasema hawa walidanganya, na mimi nimekuwa nikiusifu ushuhuda. Ni kweli, walidanganya, na sioni njia ya kulitoa neno hilo. Wenye vijiji waliuliza kilichobebwa, wakajibiwa uongo, na walikuwa na haki ya kuuliza. Nadhani tu kwamba haki ya kuuliza haizai kila mara haki ya kujua, na kwamba waliokuwamo katika safari ile walijua jambo ambalo hakuna aliyesimama kando ya njia angeweza kulipima kwa macho. Maiti yenyewe ilifungwa upya, na kwa miezi iliyobaki mpaka Bagamoyo, waliopishana na msafara ule waliona robota la nguo begani mwa mpagazi.